Uvundo wa Kiwanda cha Nyama Uzuiwe Ndani ya Kiwanda

Hapana shaka kwamba nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 35 haina sababu ya kudumu ikiuza mifugo yake ikiwa hai, huku ngozi, mifupa na kazi za viwandani zikiwafaidi watu wa nchi nyingine. Ndiyo maana Serikali imekuwa ikihimiza machinjio ya kisasa na viwanda vya nyama vijengwe katika mikoa ya wafugaji. Juhudi hizo zastahili kuungwa mkono na kila mwenye kuitakia nchi hii mema. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo hutajwa kwa nadra siku ya kuweka jiwe la msingi, nalo ni kwamba kila kiwanda cha nyama hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja: nyama na majitaka. Nyama hutafutiwa soko mapema. Majitaka husahauliwa mpaka majirani waanze kuziba pua.

Katika kulizungumza jambo hili tumechagua kuitazama Tabora, na hasa kata ya Isevya iliyomo ndani ya Manispaa ya mji huo. Hatusemi kwamba Isevya imekosewa na kiwanda fulani. Twaitumia kata hiyo kuwa kipimo. Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa wingi wa ng'ombe, na kwa hiyo ni mahali panapofaa kwa viwanda vya aina hii. Endapo kesho kiwanda kikubwa cha nyama kitajengwa pembezoni mwa mji, mkazi wa Isevya anayelala dirisha wazi usiku wa Oktoba kwa sababu ya joto atavuta hewa ya namna gani? Mpango wowote usioweza kumjibu mkazi huyo waziwazi haustahili kupewa kibali.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza: Tabora yatuhusu nini? Jibu la kwanza ni la historia. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Ujiji. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857 walipokewa na wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na uhusiano wa karibu na Unguja. Reli ilifika mwaka 1912 na kuchukua mizigo iliyokuwa ikibebwa mabegani mwa wapagazi. Hata leo ng'ombe wa bara huvuka bahari kuja kuchinjwa kwetu.

Jibu la pili ni la ardhi, nalo ndilo kubwa zaidi. Tabora mjini haina mto mkubwa utiririkao mwaka mzima. Vijito na mbuga zake hujaa maji ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hukauka. Majitaka yatakayomwagwa humo mwezi wa Agosti hayatakuta maji ya kuchanganyika nayo. Yenyewe ndiyo yatakayokuwa kijito. Visiwa vyetu navyo havina mto mkubwa, na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, lipitishalo maji machafu hadi visimani na pwani bila ya kuyachuja vya kutosha. Kwa hiyo Isevya na sisi tuna upungufu wa namna moja: hatuna mto wa kubeba makosa ya kiwanda. Linalojaribiwa huko latuhusu na sisi.

Sasa tuuangalie uvundo wenyewe. Ni desturi ya wengi kudhani kwamba harufu mbaya ni sehemu ya kazi ya nyama, kama vile moshi ulivyo sehemu ya tanuri, na kwamba wa kulalamika ni mtu asiyejua maendeleo yanavyopatikana. Dhana hiyo si ya kweli. Damu mbichi, nyama mbichi na mafuta mabichi havina uvundo wa kumfikia mtu aliye mbali. Uvundo huzaliwa pale vitu hivyo vinapoachwa ndani ya maji yaliyotuama, hewa ya oksijeni ikaisha, na vijidudu visivyohitaji oksijeni vikashika kazi. Ndipo inapotoka gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, pamoja na amonia na asidi kali zenye harufu ya siagi iliyochacha. Joto la nchi zetu huharakisha mambo hayo, na yale ambayo Ulaya yangechukua siku kadhaa, hapa huchukua saa chache. Kwa ufupi, uvundo ni dalili ya mali iliyotupwa majini na kuachwa humo muda mrefu mno.

Wataalamu hupima uchafu wa maji kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hukihitaji ili kuumaliza katika muda wa siku tano. Kwa kipimo hicho, hakuna kitu machinjioni kinachoishinda damu. Lita moja ya damu huhitaji takriban gramu 150 za oksijeni, pengine zaidi. Ng'ombe wa kienyeji akichinjwa hutoa damu ya lita 8 hadi 10. Majitaka ya mtu mmoja nyumbani kwake huhitaji gramu 40 hadi 50 tu kwa siku. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba damu ya ng'ombe mmoja ikiachwa iende mferejini ni sawa na majitaka ya watu wapatao 30 ya siku nzima. Kiwanda kinachochinja ng'ombe 100 kwa siku na kuiachia damu yote mferejini ni sawa na kuongeza kijiji cha watu 3,000, wasio na hata choo kimoja, mahali pale pale.

Kinga ya kawaida dhidi ya uchafu huo ni mabwawa ya kutibu majitaka, ambayo kwa nchi ya jua kama yetu ni njia nzuri na ya gharama nafuu. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu, mita 3 hadi 5, nalo hufanya kazi bila ya hewa. Yanayofuata huwa na kina kifupi ili jua na mimea midogo ya majini ilete oksijeni. Lakini bwawa si jalala lisilo na kikomo. Tuseme kiwanda chetu cha ng'ombe 100 hutumia mita za ujazo 100 za maji kwa siku, na kwamba damu na kinyesi cha matumboni vimekwisha tengwa, hata kila lita ya maji ikabaki na uchafu wa gramu 2 kwa kipimo tulichokitaja. Huo ni mzigo wa kilo 200 kwa siku. Kwa kuwa bwawa la kwanza hupangiwa gramu 300 hivi kwa kila mita ya ujazo, litahitaji ujazo wa mita 670. Sasa damu ile ile ikirudishwa mferejini, mzigo hupanda hadi kilo 335, na bwawa lile lile hubeba gramu 500 kwa kila mita. Wataalamu wamekwisha onya kwamba mtu akipita gramu 400 asishangae akipata uvundo. Bwawa lililojengwa kwa hesabu sahihi huwa limeharibiwa na bomba la mtu mmoja anayeosha sakafu kwa haraka.

Hesabu hii ndogo ndiyo kiini cha maoni yetu. Uvundo unaosikika Isevya hauanzii bwawani, bali sakafuni mwa kiwanda, na ndiko tiba inakotakiwa kuanzia. Damu ikingwe yote katika mfereji wake na kuingia katika tangi lake, mbali na maji. Kinyesi cha matumboni kitolewe kwa sepetu na toroli, kisisukumwe kwa maji. Sakafu ifagiwe na kukwanguliwa ikiwa kavu kabla ya bomba kufunguliwa. Kisha maji yapite katika machujio ya kushika vipande vya nyama, na katika mtego wa kushika mafuta, na vyote viwili visafishwe kila siku bila ya kungoja mkaguzi. Yanayobaki yaende bwawani siku hiyo hiyo, kwani majitaka yaliyolala shimoni siku tatu yakingoja pampu itengenezwe hutoka yakiwa yameshaoza.

Kwa upande wa bwawa la kwanza, tope lililotuama chini litolewe kwa wakati, kabla ya kulipunguzia bwawa nafasi. Utando mgumu unaofunika uso wake usivunjwe ovyo, maana huo ni kifuniko. Lililo bora zaidi ni kulifunika kabisa na kuikusanya gesi yake, ambayo huwaka. Mahali ambapo hewa chafu yatoka katika chumba kilichofungwa, inaweza kupitishwa katika tabaka la mboji na vipande vya miti vyenye unyevu, ambamo vijidudu huila harufu. Kumwaga dawa za kunukia juu ya bwawa, kama ifanywavyo mara nyingine wakubwa wanapotarajiwa kuzuru, ni kudanganya pua tu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na kifo si neno la kutia chumvi. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka hata ikiwa kidogo sana hewani, chini ya sehemu moja katika milioni. Lakini inapofikia kiasi cha sehemu 100 katika milioni, hulegeza uwezo wa pua, na mtu hudhani kwamba harufu imekwisha. Ikizidi hapo mara kadhaa huua kwa muda mfupi. Kwa hiyo kibarua anayeteremshwa katika shimo la majitaka kuzibua bomba, bila ya kipimo cha hewa, bila ya kamba na bila ya mwenzake juu, anawekwa katika hatari ya kufa papo hapo, na mara nyingi anayeingia kumwokoa huanguka juu yake. Uvundo unaomkera jirani ndio huo huo unaoweza kumwua mfanyakazi. Viongozi wa viwanda wasilisahau hilo.

Dunia imekwisha jifunza somo hili kwa gharama kubwa. Katika mji wa Chicago, Marekani, machinjio makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1865 yalimwaga damu na matumbo katika tawi moja la mto wa mji huo, hata gesi ikawa yabubujika juu ya maji na watu wakaliita Bubbly Creek, yaani kijito cha mapovu. Machinjio hayo yalifungwa mwaka 1971, lakini tope lake lilibaki chini na mapovu yakaendelea kuonekana hata katika karne hii. Huko London nako, katika kiangazi cha mwaka 1858, uvundo wa mto Thames uliingia hadi ndani ya Bunge. Mapazia yalilowekwa dawa ya klorini bila ya kufaa kitu, na wabunge walioahirisha shauri la mifereji kwa miaka mingi walipitisha sheria yake kwa siku chache. Somo ni kwamba tatizo la harufu hutatuliwa upesi pale linapomfikia mwenye kutoa uamuzi. Lisipomfikia, huachiwa maskini.

Hapa nyumbani mifano haikosekani. Kiwanda cha Tanganyika Packers cha Kawe, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambacho kilisimama zamani, kilijengwa nje ya mji wa wakati ule. Mji ukakifuata na kukizunguka. Vingunguti nako, machinjio, mabwawa ya majitaka na nyumba za wananchi vilisongamana mahali pamoja, na kwa miaka mingi uchafu wa machinjio ya zamani ukateremkia bonde la Msimbazi. Mwaka 1919 haukuwepo mji pale, lakini mwaka 2019 Rais John Magufuli alifika mwenyewe Vingunguti na kuagiza ujenzi wa machinjio mapya uharakishwe. Jengo jipya ni jambo la kushukuru. Twaongeza tu kwamba jengo jipya lenye mazoea ya zamani hutoa majitaka yale yale.

Wapo pia waliopiga hatua njema. Katika machinjio ya mji wa Kampala, ambayo majitaka yake yalikuwa yakishuka kwa mfereji wa Nakivubo kuelekea Ziwa Viktoria, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walijenga mtambo wa majaribio wa kuyatibu na kupata gesi ya kuzalisha umeme. Huko Kiserian, Kenya, machinjio ya Keekonyokie ya wafugaji wa Kimaasai yaligeuza kinyesi na taka za machinjo kuwa gesi ya kupikia. Kwa Tabora faida ya namna hiyo ni kubwa, kwani misitu yake ya miombo imeliwa kwa miaka mingi na kuni za kukaushia tumbaku. Kiwanda kitakachochemsha maji yake kwa gesi ya bwawa lake kitapunguza uvundo na kuuachia msitu nafasi ya kupumua.

Katika damu nayo pana la kusema. Kwa kuwa damu si halali kuliwa, wengi wetu huiona kuwa ni uchafu mtupu, na kwa sababu hiyo twaona hapana kosa kuimwaga. Lakini kuacha kuila hakutulazimishi kuitia majini. Damu ikichanganywa na kinyesi cha matumboni pamoja na majani makavu na kuozeshwa kwa utaratibu, ikigeuzwageuzwa ipate hewa, huwa mbolea nzuri sana. Mkulima wa mboga angeitafuta, na kiwanda kingepata senti badala ya kulipa faini.

Pana jambo jingine ambalo viongozi wa Tabora wanapaswa kulitazama kwa makini. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa na shida ya maji, ukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria. Hiyo ni neema ya kweli. Lakini maji yanapokuwa mengi, mkono wa kufungua bomba huwa mwepesi, na ufagio huwekwa kando. Kila lita inayoingia kiwandani lazima itoke, na hutoka ikiwa imebeba uchafu. Mji unaopata maji safi kwa wingi bila ya kupanua njia za majitaka kwa kiasi kile kile huwa umekamilisha nusu ya mradi.

Upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Bara iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2007 zilizoweka kikomo cha miligramu 30 za uchafu wa aina tuliyoieleza katika kila lita ya majitaka yanayoachwa kwenda kwenye mazingira. Iko Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kwetu Zanzibar iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na Mamlaka yake. Kinachosumbua ni kwamba bwana afya hukagua nyama, mamlaka ya maji huangalia bomba, watu wa mazingira husoma ripoti, na halmashauri hukusanya ushuru. Mwananchi anayesikia uvundo saa nane za usiku hajui aende mlango upi, na akienda huelekezwa mlango wa pili.

Wapo watakaosema kwamba masharti mengi yatawafukuza wenye mitaji, na kwamba kijana wa Isevya anahitaji kazi kabla ya hewa nzuri. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana njaa nayo ina uchungu wake. Lakini tujiulize ni nani anayepoteza kiwanda kinapofungwa kwa amri kwa sababu ya uchafu. Mwenye mtaji huhamisha fedha zake. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake siku tatu hukuta lango limefungwa, na kijana yule hurudi kijiweni. Tangi la damu, machujio na bwawa la kutosha vikiwekwa tangu mwanzo ni sehemu ndogo ya gharama za ujenzi. Vikitafutwa baadaye, huku majirani wakiwa wamekasirika na ardhi imekwisha jaa nyumba, ni ghali mno.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, kiwanda chochote cha nyama kisianze kuchinja kabla mabwawa yake hayajakamilika, na hesabu ya ukubwa wake ifanywe kwa idadi ya ng'ombe wa siku ya msimu, si ya siku ya kawaida. Pili, eneo linalozunguka mabwawa litengwe kisheria, upande upepo unakokwenda utazamwe kwanza, na halmashauri ijizuie yenyewe kuligawa kwa viwanja baada ya miaka kumi. Tatu, damu inayokingwa ipimwe kila siku na kuandikwa. Mkaguzi akiona ng'ombe 100 wamechinjwa na lita 300 tu zimekingwa, hatahitaji mashine yoyote kujua zile 500 na zaidi zimekwenda wapi. Nne, kiwekwe kitabu kimoja katika ofisi ya kata, mwananchi aandike siku, saa na upepo ulikotoka kila anaposikia uvundo, na ofisa mmoja mwenye jina na cheo apewe wajibu wa kujibu ndani ya siku saba. Vipimo vya majitaka vya kila mwezi vibandikwe ukutani hapo hapo, kwa Kiswahili.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu wa kutoka mbali. Yanahitaji ufagio, tangi, kalamu na kiongozi anayekubali kuulizwa. Twawaomba watendaji wa Tabora wayafikirie kabla ya jiwe la msingi linalofuata, na twawaomba watendaji wa Unguja na Pemba wayapime katika machinjio yetu wenyewe, kwa kuwa jiwe la matumbawe lililo chini ya miguu yetu halitatusamehe zaidi ya mbuga kavu za Unyanyembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia harufu bado haujajengwa popote duniani.